Maua ya upanga wa jogoo: nayakaushaje hapa Dar bila kuota ukungu?

MpambajiTabata:

Habari za jioni wakuu. Napamba kumbi, hasa harusi na sendofu, Tabata na maeneo ya jirani. Mawaridi tunayotumia yanashuka na basi kutoka Arusha, na kwa joto hili letu, ukiyapanga saa nne asubuhi, bibi harusi anapoingia ukumbini saa mbili usiku yameshainamisha shingo. Hasara yangu, lawama yangu.

Sasa kuna mama mmoja Makabe alinipa maua mekundu sana, kichwa kimejikunjakunja, ukikigusa ni mahameli kabisa. Wengine wanayaita upanga wa jogoo. Kwenye chupa ya maji yalikaa muda mrefu bila kunyauka. Nikasikia pia yanakaushwa na yanadumu, nikayaning'iniza jikoni. Baada ya siku chache kwenye mikunjo kukaota ukungu mweupe, na vijidudu vikaanza kutoka humo.

Ninachotaka kujua: ni hali ya hewa ya Dar hairuhusu, au kuna namna? Nina kiwanja kidogo nyuma ya nyumba, udongo ni mchanga mtupu, maji ni ya kisima na yana chumvi. Nikipanda mwenyewe yatakubali? Naomba msaada kwa aliyewahi kuyafanya kwa mikono yake.

KijanaGongoLaMboto:

Dada usijitese. Kariakoo plastiki zimejaa, unaosha kwa sabuni ya unga, unatumia mpaka wanao waoe.

MpambajiTabata:

Mkuu, plastiki ninazo magunia. Wateja wa siku hizi wanazitambua toka mlangoni, halafu kwenye picha zinang'aa vibaya. Nataka kitu kilichoota ardhini.

MamaMicheGoba:

Marahaba mwanangu, hata kama hukunisalimia.

Hilo ua ninalo hapa Goba, mstari mzima kando ya uzio, mekundu na ya njano. Mengine makavu yako kwenye chungu sebuleni tangu mwaka juzi. Sikudanganyi, rangi imepungua. Lakini mgeni akiingia lazima ayaguse, na akishayagusa lazima aulize.

Kitaalamu ni Celosia, wauza miche wanasema selosia. Ni ukoo mmoja na mchicha, na ukishalijua hilo umeshajua nusu ya kazi. Linapenda jua la moja kwa moja, linapenda samadi, baridi haliiwezi, na maji yakituama kwenye mizizi linaoza. Jua na joto Dar tunavyo vya kugawa. Kwa hiyo kuotesha hakukushindi. Kinachotusumbua watu wa pwani ni hewa, ina unyevu mwingi mno. Na wewe ukaongezea kwa kulitundika jikoni, juu ya mvuke wa maharage.

Ndiyo maana nasema usianze na mbegu, anza na kalenda. Masika yanaingia Machi na kutoka Mei. Baada ya hapo unashika upepo wa kusi, Juni hadi Septemba. Mvua zinakuwa chache, usiku una kaubaridi, nguo zinakauka kwenye kamba bila kuvunda. Maua ya kukausha yakatwe ndani ya miezi hiyo. Toka mbegu hadi kichwa kikomae ni kama miezi mitatu, vichwa vikubwa vinaweza kuzidi kidogo. Piga hesabu kwa kurudi nyuma. Mbegu ziingie kwenye trei Aprili, chini ya paa, huku nje mvua inapiga. Mei mvua ikilegea hamishia bustanini. Mwisho wa Julai na Agosti nzima unakata. Ukianza kusia mbegu Agosti, ua litakomaa Novemba katikati ya vuli, na utarudi hapa kutuonyesha ukungu mwingine.

Mbegu ni nyeusi, zinang'aa, ukubwa wake ni kama wa zile za mchicha. Gramu moja ina zaidi ya mbegu elfu moja, kwa hiyo usikubali mtu akuuzie kijiko kwa bei ya dhahabu. Usizifukie. Zisambaze juu, pakaza mboji laini iliyochekechwa, lowesha kwa bomba la kupulizia la mkono. Kwa joto letu zinachomoza ndani ya wiki, zikichelewa wiki mbili. Miguu ya meza ya trei iweke kwenye makopo ya maji, la sivyo sisimizi watahamisha shamba lote usiku mmoja.

Hamisha mche ukiwa mdogo, majani manne hadi sita. Hapa nina ugomvi wangu na baadhi ya wauza miche wa barabarani. Wanangoja mche uchanue ndani ya kiriba ndipo wautoe mbele, mteja aone rangi, apende, alipe. Mche uliochanua kwenye kiriba umeshabanwa mizizi na umeshazeeka. Ukiuweka ardhini haukui tena, unabaki na kaua kako kale kale mpaka kafe. Ukinunua, chagua uliojificha nyuma, ambao haujatoa hata kichwa. Muuzaji atakushangaa, mwache ashangae.

Mchanga wako si ubaya, maji hayatatuama. Ila mchanga hauna chakula. Kwenye kila shimo changanya samadi ya kuku iliyooza sawasawa, ile isiyotoa moshi wala harufu kali, pamoja na mboji. Shimo hadi shimo sentimita ishirini na tano au thelathini. Kuhusu maji ya chumvi, selosia inavumilia kuliko maua mengi, ila mashina yatakuwa mafupi. Mche mchanga upe maji ya bomba au ya mvua uliyokinga. Ukishashika mizizi upe hayo ya kisima. Na mwagilia chini, kwenye shina. Maji yakimwagwa juu ya kichwa yanajificha kwenye mikunjo, na ukungu unaanza kabla hata hujashika kisu.

Nimeitwa getini, kuna mtu anataka miche ya miparachichi. Habari ya kukausha nitaandika nikitulia, maana ndiyo yenye maneno.

MlaMboga:

Shikamoo mama. Umesema ukoo wa mchicha. Kwa hiyo majani yake yanalika? Maana mke wangu amepanda haya maua mlangoni na mimi kila nikipita naona mboga.

MamaMicheGoba:

Marahaba baba. Yanalika, yakiwa machanga. Nigeria selosia ni mboga kamili ya sokoni, Wayoruba wanaiita soko, wanapika na pilipili na mafuta ya mawese. Wao wanapenda ya majani mapana, si haya ya mapambo, ingawa spishi ni ile ile. Ila muulize mkeo kwanza. Na kama ameyapulizia dawa ya wadudu, achana nayo kabisa.

MlaMboga:

Nimemuuliza. Amesema nikigusa nitalala nje.

MamaMicheGoba:

Haya, mpambaji, sasa kukausha.

Kwanza ulijue ua lenyewe. Hilo mahameli unaloliona juu ni ncha ya mche iliyotanuka. Kwa kawaida ncha ya shina inakua kutoka nukta moja. Kwenye hii aina ile nukta inatanuka inakuwa mstari, mstari unazidi kurefuka, nafasi haitoshi, unaanza kujikunja. Vijiua vyenyewe ni vidogo, vimebanana ubavuni, chini ya ule mkunjo, na mbegu zinakaa hapo. Basi siku ya kukata usitazame juu. Pangusa ubavuni kwa kidole. Ikitoka punje nyeusi umechelewa. Hilo liache libaki shambani liwe la mbegu. Isipotoka kitu, na kichwa kimefunguka chote na ni kigumu ukikibonyeza, hilo ndilo lako.

Kata saa nne asubuhi, umande ukiwa umekauka lakini jua halijaanza kuchoma. Kata bua refu, kufupisha unaweza baadaye. Nyofoa majani yote, yote kabisa, hata kale kadogo chini ya kichwa, maana jani linalonyauka kwenye bua linakaa na unyevu na linaambukiza. Kisha geuza kichwa juu ya gazeti ukung'ute kwa nguvu. Hao vijidudu ulioona hawakuzaliwa jikoni kwako, walitoka Makabe wamelala kwenye mikunjo.

Funga mawili mawili, au matatu kama ni membamba. Ukifunga fungu la kumi, yale ya katikati yataoza. Tumia mpira, usitumie kamba, kwa sababu bua likikauka linapungua unene, kamba inalegea, na usiku utasikia maua yanaanguka moja moja. Tundika vichwa chini ili shingo ikauke ikiwa imenyooka.

Halafu giza. Wekundu wa selosia ni wa jamii moja na ule wa bitiruti na wa bogenvilea, na mwanga unaula. Ukianika juani kama dagaa yatakauka upesi, lakini utavuna rangi ya udongo. Mimi natumia stoo. Dirisha lina pazia zito, feni ya mezani inazunguka mchana kutwa, hainyooshewi maua moja kwa moja, inasukuma hewa tu. Jioni nafunga dirisha, maana usiku hewa ya pwani inalowana. Asubuhi jua likipanda nafungua. Umeme ukikatika naacha mlango wazi na paka tunamfukuza kwa zamu.

Muda ni wiki mbili hadi nne, inategemea unene. Vichwa vikubwa vina hila. Juu kitakuwa kikavu kabisa, kumbe shingoni kuna maji. Vunja bua moja karibu na kichwa. Likikatika kwa mlio, tayari. Likipinda, rudisha kwenye kamba. Kwa mtu wa Dar ndiyo maana nakushauri uache vile vichwa vikubwa vya kushangaza majirani, uviuze vibichi. Kausha vya kati, vya upana wa vidole vitatu au vinne. Vinatoka vizuri zaidi na kwenye meza vinakaa vizuri zaidi.

FundiMaua_Sinza:

Shikamoo mama, umefundisha vizuri. Ila kwenye stoo na feni natofautiana nawe kidogo. Mimi nakausha darini, chini ya bati. Kule ni giza na joto, siku chache tu kazi imekwisha, ukungu haupati muda. Umeme wa kuendesha feni wiki tatu nani atalipa?

Nyongeza kwa mpambaji: likishakauka, shingo inakuwa nyepesi kuvunjika. Kabla ya kulichomeka kwenye sponji pitisha waya mwembamba kando ya bua, uuzungushie utepe wa kijani. Na pulizia spreyi ya nywele ya kawaida, kwa mbali, ubavuni. Bila hivyo mbegu zilizobaki zitamwagika kwenye kitambaa cheupe cha meza kuu, na mama wa bwana harusi akiona vidoti vyeusi vinatembea na upepo wa kiyoyozi atasema ni viroboto. Nimeona kwa macho yangu hiyo kesi, mpambaji alirudishwa usiku kubadilisha vitambaa.

MamaMicheGoba:

Marahaba fundi. Darini naijua. Yanakauka upesi, ni kweli. Lakini weka la darini na la stoo pamoja mezani halafu nijibu. Joto likizidi nalo linaharibu rangi, jekundu linatoka jeusijeusi. Kwako wewe unayepamba usiku kwa taa za rangi huenda haionekani. Kwa harusi ya mchana bustanini inaonekana. Na panya wa darini hujawataja.

Hiyo ya spreyi ya nywele naikubali, ila isiguse mahameli ya juu, itayalaza.

FundiMaua_Sinza:

Panya nakubali, mama. Nimetundika kwa nyuzi za mshipi wa kuvulia, hawazipandi.

MpambajiTabata:

Shikamoo mama, na samahani kwa kuchelewa kuitoa. Nimenakili yote kwenye daftari. Maswali yaliyobaki: harusi zangu nyingi ni Desemba. Nikikata Agosti nitayahifadhi wapi hadi Desemba na vuli lipo katikati? Na nikitaka mashina marefu kwa ajili ya vile vyombo virefu vya mlangoni nifanyeje? Ya Makabe yalikuwa mafupi, hayavuki goti.

MamaMicheGoba:

Marahaba mwanangu, sasa tumeelewana.

Kuhifadhi: yakishakauka kwa mlio, yafunge moja moja kwa karatasi nyembamba, yapange kwenye boksi la karatasi hadi Septemba iishe. Oktoba ikikaribia yahamishie kwenye ndoo kubwa za mfuniko unaobana, zile za rangi ya ukuta zilizooshwa zikakauka. Chini weka vile vipakiti vidogo vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, vinanyonya unyevu. Wenye maduka ya viatu wanavitupa, waombe. Ndoo ukishaifunga usiifungue kila siku kuwaonyesha wateja. Toa moja liwe la maonyesho. Boksi la karatasi wakati wa vuli linavuta unyevu, maua yanalainika, yanaanza kunuka kama kabati la zamani.

Urefu: pakiti za mbegu za kutoka nje zinaandika mita moja na watu wanadhani wametapeliwa. Selosia inaharakisha kuchanua mchana ukiwa mfupi. Ulaya wakati wa joto mchana wao ni saa kumi na tano, kumi na sita, kwa hiyo mche unarefuka kwanza ndipo uchanue. Sisi mchana wetu ni kama saa kumi na mbili mwaka mzima, mche unachanua mapema ungali mfupi. Huwezi kubadili jua la Dar. Unachoweza ni kutafuta mbegu za aina ndefu zilizokusudiwa kukatwa, kama zile ziitwazo Chief, na kuushibisha mche tangu mwanzo, si kungoja kichwa kimetoka ndipo ukimbilie mbolea. Ukiona kichwa cha kwanza, urefu unaoupata ni huo, umebaki kidogo tu kuongezeka.

Na usikate ncha. Najua mafundi wa bustani wanapenda kukata ncha kila kitu ili kitanuke. Ya kishungi, yaani hii yako ya kujikunja, ukiikata ncha unapata vishungi vidogo vingi pembeni badala ya kimoja cha maana. Ile nyingine, ya manyoya, inayosimama na kuchongoka, hiyo ndiyo unaikata ncha ikiwa changa, na inakupa mashina mengi mazuri. Kwa vyombo vyako vya mlangoni hiyo ya manyoya ingekufaa zaidi. Inakauka upesi pia, haina mikunjo ya kuficha maji.

Halafu kuna ya bure. Ukitoka nje ya mji, kwenye mashamba yaliyoachwa, kuna selosia ya porini, mashuke membamba ya pinki yanayoishia weupe wa fedha. Wakulima wanaing'oa kama magugu. Ing'oe wewe kwa ruhusa yao, itundike, changanya na mashuke ya mtama. Sijui kwa nini wapambaji wa Dar mnaipita.

KijanaGongoLaMboto:

Huku Pugu imejaa hiyo! Nilikuwa najua ni majani ya mbuzi.

FundiMaua_Sinza:

Mpambaji, ongeza na gomfrena, yale ya zambarau ya mviringo. Ni ukoo huo huo, yanakauka karibu bila kubadilika rangi kwa sababu hata yakiwa mabichi ni makavu kama karatasi. Yanajaza nafasi kati ya vichwa vikubwa. Selosia tupu mezani inakuwa nzito, macho hayapumziki. Mimi naweka vichwa vitatu vya selosia kwa kila chombo, si zaidi, vinginevyo ni gomfrena na mtama.

MpambajiTabata:

Mkuu wa Pugu, nitakuja wikiendi na viroba vyangu, usiwape mbuzi yote.

Mama, mbegu unazo? Nitakuja mwenyewe Goba kwa muda utakaoniambia. Nataka mekundu matupu, mteja wangu wa Desemba rangi zake ni nyekundu na krimu.

MamaMicheGoba:

Mbegu ninazo, za mwaka jana, zimekaa kwenye bahasha ndani ya kopo kavu. Njoo utume ujumbe wa faragha kwanza nikuelekeze njia, huku kwetu mvua ikinyesha bajaji hazipandi kilima.

Ila mekundu matupu siwezi kukuahidi. Kwenye uzio wangu mekundu na ya njano yamekaa pamoja na nyuki hawachagui, kwa hiyo humo yatatoka na ya rangi ya chungwa, na machache yatakataa kujikunja, yatasimama manyoya. Sia mengi kuliko unavyohitaji. Bua la mche mchanga linakuonyesha mapema: lenye wekundu shinani kwa kawaida litatoa ua jekundu, lililo kijani kitupu litatoa la njano. Yachague yakiwa bado kwenye trei, mekundu upande bustanini, mengine mpelekee mke wa MlaMboga ayapande mlangoni.

MlaMboga:

Tafadhali mama, usimwongezee.